Makasha ya Kasilda

Jumatatu, 8 Julai 1996

Kasilda karudi kutoka Mpanda na leseni. Leseni ya magari makubwa! Kaionyesha pale sokoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isishike vumbi. Watu walipanga mstari kuitazama. Mimi niliitazama, nikarudi nyuma ya mstari, nikaitazama tena. Picha haijamtendea haki, lakini muhuri ni mzuri.

Niandike vizuri, maana kumbukumbu ni kumbukumbu. Kasilda ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza hapa hapa Inyonga. Tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa ananisaidia hesabu, mimi nalinda dawati. Baba yake alikuwa dereva wa trekta la misheni, akamfundisha gia kabla mama yake hajamfundisha kusuka nywele. Mtihani wa leseni kaurudia mpaka watu wakaacha kumuuliza. Kila mara alishindwa pale pa kurudisha gari nyuma. Sasa inasemekana anarudi nyuma vizuri kuliko wengine wanavyokwenda mbele.

Mzee Stanslaus, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa tumbaku, katangaza kwamba lori la chama ataliendesha Kasilda. Mwanamke wa kwanza kushika usukani wa lori huku kwetu. Sherehe itakuwa Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye uwanja wa kanisa. Halafu mzee akaongeza jambo ambalo wengi hawakulisikia kwa sababu ya vigelegele: utingo atachaguliwa na dereva mwenyewe.

Utingo! Kukaa kule juu. Kuiona Tabora. Kurudi na mkate wa mjini. Watoto kukukimbilia barabarani wakipunga mikono. Nimeshapita miaka thelathini na bado nalala chumba cha uani kwa Shangazi Rahel. Kazi hii ni yangu, imebaki kutangazwa tu.

Kikwazo ni kimoja: Amosi. Anafyatua matofali. Ana mabega. Anajua kubadilisha tairi. Zaidi ya hapo sioni ana nini.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa Kasilda kutoa hongera rasmi. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ni kitu gani kingemfurahisha siku ya sherehe. Kasema usingizi. Nikamwambia nazungumzia kitu cha kushikika. Kasema godoro.

Nikaligusia suala la utingo kwa mbali. Kasema hajafikiria bado, ila anataka mtu asiye na maneno mengi. Nilimweleza kwa kirefu kwamba mimi ndiye mtu huyo. Nilipomaliza, kivuli cha nyumba kilikuwa kimehamia upande wa pili, na yeye alikuwa amemaliza kuchambua maharage yote.

Njiani kurudi nikapata wazo. Lazima niseme ukweli, ni wazo kubwa. Watu wote wataleta zawadi. Watazileta kwenye nini? Magazeti. Mifuko ya nailoni. Wengine watazishika mkononi kama wanapeleka kuku mnadani. Aibu kwa Inyonga nzima! Basi mimi nitatengeneza maboksi ya zawadi kwa mikono yangu. Moja kubwa la kwangu kwa Kasilda, na mengine kwa kila mgeni atakayehitaji. Bure. Kila zawadi itakayowekwa pale mezani itakuwa ndani ya kazi ya Evodi. Kila Kasilda akifungua kifuniko, anakutana na mimi.

Amosi ataleta nini? Tofali?

Alhamisi, 11 Julai

Nimezunguka madukani kukusanya makatoni ya sabuni. Gundi ni uji mzito wa muhogo. Karatasi za kubandika juu nimezitoa kwenye kalenda za miaka iliyopita, zenye picha za wanyama. Kisu ni cha jikoni kwa Shangazi.

Boksi la kwanza limetoka na pembe tano. Sikukusudia, lakini linavutia. La pili lilikuwa zuri sana ila halifunguki. Kufikia jioni mkono umezoea. Nimeyapanga yote chini sakafuni chumbani kwangu yakauke. Yalipendeza mno, twiga huku, pundamilia huku.

Shangazi Rahel kachungulia mlangoni. Kauliza kama ni mitego ya panya. Nikamweleza mpango. Kafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha kafunga, kaenda zake.

Ijumaa, 12 Julai

Mchwa.

Wamepanda kutoka kwenye sakafu na kula chini ya kila boksi, na ubavuni, na uji wa muhogo wote. Nilipoinua boksi la pembe tano nilibaki nimeshika kifuniko. Wamebakiza twiga mmoja, kuanzia shingo kwenda juu.

Shangazi kasema jana alitaka kunionya nisiyaweke chini, lakini akadhani najua, kwa kuwa nimeishi nyumba hii tangu nikiwa mtoto.

Nimekutana na Amosi kisimani. Kaniambia pole kwa maboksi. Habari zilimfikaje? Huyu mtu ana wapelelezi.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa niliingia stoo, nyuma ya jiko, kutafuta chochote. Na pale ukutani nikaiona! Mizinga ya nyuki ya marehemu mume wa Shangazi. Alikuwa mrina asali, mmoja wa wale waliokuwa wanakaa porini mpaka ndevu zinaota. Mizinga yenyewe ni ya magome ya mti, yameviringishwa kama pipa na kushonwa kwa kamba za mti wa myombo. Imekaa pale tangu alipofariki.

Nikafikiri hivi: ukikata mzinga vipande, kama unavyokata muwa, kila kipande tayari ni boksi la duara. Linabaki kutiwa kitako na kifuniko. Gome gumu. Mchwa watavunja meno. Na hili sasa si boksi tena, ni kasha.

Nilimwomba Shangazi ruhusa. Alikuwa anakoroga kisamvu. Kaipua kwanza. Kisha kasema, "Chukua ile mibovu, baba. Ule mrefu ulioegemea ukutani uuache."

Nikasema sawa, Shangazi.

Jumatatu, 15 Julai

Ile mibovu, kusema kweli, ni mibovu. Imetoa vyombo vidogo vidogo vya kutosha wageni, lakini kasha kubwa halitoki. Ule mrefu ni mzuri ajabu. Mnene, laini, mshono umenyooka kama umepimwa na fundi cherehani. Una tundu dogo upande mmoja, ambalo macho yangu yanaliona kama pambo.

Nimeuchukua. Maelezo nitayatoa yatakapohitajika.

Jumanne, 16 Julai

Kasha la Kasilda limekamilika. Nimekata sehemu nzuri zaidi ya ule mzinga, nikashona kitako kwa sindano ya magunia, nikaweka kifuniko chenye mkono wa kushikia. Ndani kulikuwa na nta ya zamani, nyeusi nyeusi, inanukia utamu. Nimeiacha, harufu haidhuru. Nyingine nimeiyeyusha nikasugulia makasha yote kwa nje, hata yakang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu.

Habari zimeenea! Wamekuja watu wa kwaya kuomba kasha. Kaja mke wa mwenyekiti. Kaja mwalimu mkuu mwenyewe na viatu vyake. Nimewapa wote. Walipouliza wanilipe nini, nikainua mkono. Nikasema huu ni urafiki. Sharti langu ni moja dogo: mtu akikabidhi zawadi yake kwa Kasilda, aongeze sentensi moja, "Umfikirie Evodi." Basi. Sikutaka hotuba.

Wote wamekubali. Mke wa mwenyekiti aliifanyia mazoezi pale pale. Sauti yake ni nzuri, ila nimemwambia aweke uzito kwenye "Evodi."

Jumatano, 17 Julai

Shangazi kaingia stoo kuchukua ungo. Kakuta pengo pale ukutani. Kaja chumbani kwangu, kalitazama kasha kubwa, kalipapasa kwenye mshono. Mimi nilikuwa na maelezo marefu tayari. Hakuyaomba.

"Ule aliutengeneza akiwa anaumwa," kasema. "Hakuwahi kuupandisha mtini."

Kisha kaenda kupukuchua mahindi.

Heri angefoka. Mtu akifoka na wewe unajitetea. Chakula kilikuja kama kawaida, tena dagaa alinijazia mimi zaidi. Jambo hilo lilinisumbua mpaka nilipomaliza kula.

Alhamisi, 18 Julai

Jambo la ajabu na la aibu. Nilikwenda sokoni, na huku nyuma Amosi kaja nyumbani kuomba kasha. Na Shangazi kampa! Nimemwuliza kwa nini. Kasema nilitangaza kwamba ni bure kwa kila mgeni, na Amosi ni mgeni. Nikamwuliza kama alimwambia lolote. Kasema alimwambia vile vile anavyoambiwa kila mtu. Sikuona maana ya kuendelea na mazungumzo hayo.

Nyuki wachache wamekuja leo asubuhi kuzunguka kasha kubwa. Wanaingia kwa lile tundu, wanatoka, wanaingia tena. Hata wadudu wanajua kazi nzuri wakiiona.

Ijumaa, 19 Julai

Nimegundua jambo dogo. Ndani ya kasha la Kasilda hamna kitu.

Wiki nzima nimetengeneza kasha, zawadi nikaisahau. Nimepekua chumba kizima. Kuna redio isiyolia, kofia ya marehemu baba, na mashati yangu. Nimechukua shati langu la bluu, lile la pamba, nikalikata vitambaa vya mraba na kuvipinda pembeni. Vitambaa vya kufutia kioo cha lori. Dereva anahitaji kuona. Ni zawadi yenye busara, na kusema kweli shati lenyewe lilikuwa linanibana.

Jumamosi, 20 Julai

Sherehe.

Lori lilioshwa na kuvalishwa maua ya karatasi. Kasilda alivaa gauni jeupe na viatu vya raba. Kwaya iliimba. Mzee Stanslaus alihutubia mpaka watoto wakalala. Makasha yangu yalijipanga mezani yakimeremeta, na nikawasikia watu wawili niwajuao na mmoja nisiyemjua wakiuliza nani fundi.

Ukafika wakati wa zawadi. Kwanza kwaya. Kiongozi wao kakabidhi kasha lenye kitenge ndani, kasema hongera, kisha kasema, "Umfikirie Evodi." Safi kabisa. Kasilda akatabasamu.

Kaja mwalimu mkuu. Hongera. Umfikirie Evodi. Kasilda akatabasamu, safari hii kidogo.

Kaja mke wa mwenyekiti. "Umfikirie EVODI!" Uzito ulizidi.

Baadaye nikaanza kuona kwamba idadi ya makasha niliyoyagawa ni kubwa. Walikuwa wanakuja tu. Bibi mmoja mwenye mayai alisahau kusema hongera, kasema umfikirie Evodi peke yake, kakaa. Watu wakaanza kuitikia kama litania kanisani. Kasilda alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ananitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Wa mwisho kabla yangu akawa Amosi. Kasimama na kasha langu mikononi mwake, mikono mikubwa kama sepetu. Ndani aliweka spana mpya. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Dada Kasilda, hongera," kasema. "Halafu nimeambiwa niseme umfikirie Evodi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Padri alishika kiti. Mzee Stanslaus alifuta macho kwa leso. Hata Kasilda alicheka mpaka akaegemea lori. Nilimtazama Shangazi Rahel. Alikuwa anatengeneza kilemba chake kwa makini sana.

Nikapeleka kasha langu. Kasilda kalipokea kwa mikono miwili, kalizungusha, kasema ni zuri kweli. Kafungua, katoa vitambaa, kavitazama. Kasema, "Hili si lile shati la bluu?" Nikasema ndiyo. Kavirudisha ndani vizuri, kimoja kimoja.

Utingo hakutangazwa. Kasema atatangaza Jumatatu asubuhi, lori likianza safari ya Tabora na tumbaku.

Kwa ujumla naihesabu siku hii kuwa ya ushindi. Jina langu limetajwa kuliko la mwenye sherehe.

Jumapili, 21 Julai

Habari mbaya. Amosi kaonekana akifua suruali. Mtu hafui suruali Jumapili bila sababu.

Lakini akili haikulala. Lori limeegeshwa uwanjani, limeshapakiwa. Nimekwenda nikamwambia Kasilda kwamba kasha langu lingefaa kukaa ndani ya lori, aweke humo leseni, chakula na vitambaa vyake. Kasema wazo si baya. Alikuwa amechoka. Kavitoa vitambaa avifue kwanza, kanipa ufunguo niliweke mwenyewe.

Nimeliweka kwenye kiti cha utingo. Katikati kabisa ya kiti. Mtu yeyote akitaka kukaa pale, itabidi kwanza aniondoe mimi. Nikashusha kioo nusu ili kasha lipate hewa.

Wale nyuki wa Alhamisi wamekuja tena, safari hii wengi kidogo. Nadhani ni wale wale, wameleta ndugu zao.

Jumatatu, 22 Julai

Naandika haya nikiwa bado napumua kwa haraka.

Asubuhi tulikusanyika uwanjani. Mzee Stanslaus alikuwepo, Kasilda alikuwepo na kikapu chake, Amosi na suruali yake iliyofuliwa, mimi na begi langu. Kasilda katutazama wote wawili. Kasema ameamua. Kasema anaomba mtu asikasirike. Kisha kasema, "Amosi, panda."

Amosi akafungua mlango upande wa utingo. Kaona kasha limekaa kitini. Kalishika alisogeze.

Ndani ya kasha kulikuwa na kundi zima la nyuki. Walikuwa wamehamia! Wameingia kwa kile kioo, wakapita kwa lile tundu, wakakuta nta imewasubiri, wakaona hapa ndipo nyumbani. Walitoka kama moshi unaopiga kelele. Amosi alikimbia kuelekea shuleni akijipiga makofi usoni. Mzee Stanslaus, ambaye kila mkutano hukumbusha kwamba ana goti bovu, aliruka ua wa padri. Kasilda alijifunika kanga akalala chali chini ya lori, mahali penye akili.

Mimi niliamua kufuatilia hali nikiwa kanisani, ndani ya sakristia, mlango umefungwa.

Kwa dirisha nikamwona Shangazi Rahel anakuja. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani mpaka machoni, mkononi ana kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi ndani ya kigae. Hakukimbia. Alipanda ngazi ya lori kama anayepanda kitandani kwake. Aliwafukizia, akawa anaongea nao polepole, Kikonongo, siyo Kiswahili. Nilisikia vipande tu. Nadhani alikuwa anawaambia habari za mumewe.

Wakatulia. Wakarudi ndani mmoja mmoja. Akalifunika kasha kwa kanga, akalibeba kifuani, nyuki wengine wakitembea kwenye mikono yake. Alipita mbele ya sakristia. Nikamwita kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, ila moshi ulikuwa mwingi pia, siwezi kusema.

Kasha lipo sasa juu ya mti wa mtundu ulio nyuma ya nyumba. Majirani walimsaidia kulipandisha.

Na sasa jambo lenyewe. Uso wa Amosi umevimba, macho yote mawili hayaonekani. Tumbaku inatakiwa mnadani Tabora. Mzee Stanslaus kashuka kutoka kwa padri akiwa anachechemea kweli safari hii, kasema lori lazima liondoke leo. Kasilda kageuka kushoto, kageuka kulia. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye begi.

"Evodi," kasema, "panda." Kasema kama mtu anayeongea na gunia.

Nimepanda! Mpango umefanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 25 Julai

Tabora. Nimenunua mkate. Mikono ina malengelenge.

Kwa kumbukumbu, mambo machache ya njiani.

Turubai. Nililifunga kwa fundo nililobuni wakati wa makasha, linalofanana na ua. Ni fundo zuri. Kabla ya mto Koga lilifunguka lenyewe, na robota moja la tumbaku likabaki barabarani. Tuligundua baada ya watu wa baiskeli kutufukuza wakipiga filimbi. Niliwapungia mkono nikidhani wananisalimia.

Gogo. Kazi ya utingo, lori likisimama kwenye mlima, ni kuruka na gogo na kuliweka kwenye tairi lisirudi nyuma. Niliruka vizuri. Gogo nililiweka mbele ya tairi. Lori lilianza kurudi taratibu, likaelekea korongoni na tumbaku ya kijiji kizima. Kasilda hakupiga kelele. Alitoa kichwa dirishani, akalirudisha nyuma kwa usukani, akalipitisha kati ya miti miwili ambayo mimi nisingepitisha hata mbuzi, akalisimamisha kwenye tambarare. Wapita njia walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Alishuka, akakaa kwenye jiwe muda mrefu. Nikampelekea maji. Akayanywa, akasema asante, hakunitazama.

Toka Ipole mpaka Sikonge hakusema neno. Nikaona ukimya ule utamchosha, nikaujaza mimi.

Jumapili, 28 Julai

Tumerudi salama. Tumbaku imeuzwa yote, hata lile robota lililoanguka.

Kasilda kazima lori mbele ya nyumba ya Shangazi. Hakushuka. Kaweka mikono yote juu ya usukani.

"Evo," kasema. Hajaniita hivyo tangu shule. "Sisi ni marafiki?"

Nikasema sana.

"Unataka tuendelee?"

Nikasema sana, tena sana.

"Basi usipande tena lori langu. Pale mlimani nilijiona nimekuua. Lori lilipoanza kurudi, ulikuwa umesimama nyuma ya tairi, Evo. Nyuma yake. Nilikuwa nakuona kwenye kioo."

Sikulijua hilo. Nilidhani nilikuwa pembeni.

Kasema Amosi amepona, wataondoka naye Jumatano. Kasema kasha hana haja nalo tena, kwa sababu zinazoeleweka. Ila vitambaa anavitumia kila siku. Kasema hakuna kitu kinachofuta kioo kama shati lile, na akiona barabara vizuri atakuwa ananikumbuka. Nikashuka na mkate wangu.

Nimeyatafakari maneno yake. Maana yake ni wazi: urafiki wetu ni mkubwa mno kuchanganywa na ajira. Utingo yeyote anapatikana. Mimi sipatikani.

Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba, kakaa kwenye kigoda, anatazama juu mtini. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Nilimpa mkate. Kaukata vipande viwili, kimoja kanirudishia. Kaniambia kaa. Tukakaa. Hakusema chochote kuhusu mzinga, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikusema chochote kuhusu chochote.

Jumanne, 30 Julai

Habari kubwa! Alois, yule kijana mpole wa mtaa wa zahanati, kachaguliwa na serikali ya kijiji kuwa mtunza pampu ya maji. Kapewa ufunguo na buti za mpira. Watamfanyia sherehe Jumamosi. Na nimesikia kwa mtu ninayemwamini kwamba atahitaji msaidizi. Kazi ya kivulini! Hakuna mlima, hakuna gogo. Mpinzani ni mmoja tu, binamu yake, ambaye eti anajua pampu.

Alois sijawahi kuongea naye, lakini nimempenda siku nyingi.

Nimejifunza kutokana na makosa. Kosa lilikuwa malighafi. Katoni huliwa na mchwa, gome huvuta nyuki. Safari hii natumia ngozi za mbuzi, mbichi, nimezipata machinjioni kabla hazijatupwa. Zikikauka zinakuwa ngumu kama ubao, na unaweza kuzikunja umbo lolote. Wageni wote watapata. Sharti ni lile lile, ila sentensi nimeifupisha.

Nimezitundika dirishani kwangu kwa nje, zipate upepo. Harufu ipo, lakini itaisha. Shangazi kaja, kazitazama, kafungua mdomo, kafunga, kaenda zake.

Jioni hii fisi mmoja kalia upande wa makaburini. Jana alilia mbali zaidi. Bila shaka anapita tu.